Subira si udhuru wa anayesubirisha

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Waswahili wana methali mbili juu ya kungoja, nazo zinavutana. Ya kwanza inasema subira yavuta heri. Ya pili inasema ngojangoja huumiza matumbo. Kwenye mimbari zetu tunaipenda zaidi ile ya kwanza, na tuna haki ya kuipenda, kwani Qur'an Tukufu imeitaja subira mahali pengi na imewapa bishara njema wenye kusubiri. Lakini hiyo ya pili nayo haikutungwa na wajinga. Waliitunga watu walioonja kungoja kusikokuwa na mwisho.

Wiki hii nataka tuwazungumzie ndugu zetu wanaongoja karatasi. Sikusudii wale waliovuka mpaka usiku kwa njia za panya. Nakusudia waliofuata sheria: aliyejaza fomu, akalipa ada, akapeleka picha, akaacha alama za vidole, akaitwa kuhojiwa akaenda, kisha akaambiwa asubiri. Akasubiri mwaka, miaka miwili, miaka mitano. Kila akiuliza anaambiwa faili bado liko juu. Je, huyu tumwambie nini? Na huyo anayelikalia faili lake tumwambie nini?

Mpaka uliopita katikati ya jamaa

Sisi tunaoishi Same na katika milima ya Upare jambo hili halituhusu kwa mbali. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana ardhi hizi. Mstari wao ulianzia pwani kwenye mto Umba, ukapanda hadi ziwa Jipe, ukazunguka chini ya Kilimanjaro na kuendelea hadi ziwa Viktoria. Hakuna mzee wa Kipare wala wa Kitaveta aliyeulizwa. Siku hizi ukisimama juu ya milima ya Usangi au Ugweno siku ya hewa safi unaiona Kenya kwa macho yako, na huku Same tumetenganishwa na wenzetu wa Tsavo na mbuga ya Mkomazi tu. Watu wetu wameoana na watu wa Taveta tangu zamani. Wamefanya biashara pamoja na kuzikana. Kwa hiyo katika vijiji vyetu wapo akina mama waliozaliwa ng'ambo ya mpaka, wakaolewa huku na kulea watoto huku, lakini kwenye vitabu vya serikali bado ni wageni.

Ukosefu wa karatasi ulikuwa mzito zamani, na sasa umezidi. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa iliundwa mwaka 2008, na kwa miaka mingi watu wengi waliishi bila kitambulisho na maisha yakaenda. Ilipofika mwaka 2019 tukaambiwa laini zote za simu zisajiliwe upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Mwisho ulikuwa tarehe 31 Desemba, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Sote tunakumbuka foleni za siku zile. Leo asiye na namba hiyo ni vigumu kusajili laini, kufungua akaunti benki au kupokea fedha kwa simu. Na sisi tulio mikoa ya mpakani huulizwa maswali mengi zaidi kuliko mtu wa Dodoma: babu yako alizaliwa wapi, bibi yako alitoka wapi, nani anakujua.

Swali nililoulizwa baada ya darsa

Mimi ni mwalimu wa somo la dini. Jioni nina darsa ya watu wazima. Siku moja baada ya darsa mama mmoja alibaki nyuma, akaniuliza swali ambalo limekuwa likinisumbua hata nikaamua kuandika makala hii. Nitaficha kila kinachoweza kumtambulisha.

Mama huyu alizaliwa upande wa Kenya. Ameolewa na Mtanzania kwa ndoa ya Kiislamu, na watoto wao ni Watanzania kwa baba yao. Aliomba uraia kihalali kwa sababu ya ndoa yake. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote katika uhai wa mumewe. Naomba msomaji ayaangalie vizuri maneno hayo, uhai wa mumewe. Mume wa mama huyu ni mzee na ni mgonjwa. Ombi lao lina miaka kadhaa. Kila wakienda wanaambiwa waendelee kusubiri, na hakuna aliyewaambia kilichopungua.

Sasa majirani wamempa njia mbili. Ya kwanza ni kumpa kitu kidogo kishoka anayejua watu. Ya pili ni kuachana na ombi lile, kisha aapishwe kiapo kuwa alizaliwa hapa hapa Same, na wazee wawili watie saini. Akaniambia: "Ustadhi, mimi sitaki kumwudhi Mungu. Lakini mzee akitangulia kabla ya karatasi, nitakuwa nani katika nyumba hii? Wewe unaheshimika, ukitia saini yako hakuna atakayeuliza."

Ndugu msomaji, ni rahisi kumjibu mama huyu kwa neno moja, subiri. Lakini kabla ya kumwambia hivyo, tuangalie dini yetu imesema nini juu ya kusubiri na juu ya kusubirisha.

Hudaybiya: safari iliyozuiwa

Mwezi wa Dhul-Qaada mwaka wa 6 Hijria, Mtume (SAW) alitoka Madina na Masahaba wapatao 1,400 kwenda Makka kufanya Umra. Hawakwenda kupigana. Walivaa ihramu na kuongoza wanyama wa kuchinja, na kwa desturi ya Waarabu wote walikuwa na haki ya kuingia. Makureshi wakawazuia. Wakakaa Hudaybiya wakingoja ruhusa. Sayyidna Uthman (RA) akatumwa Makka kuzungumza, akachelewa, uvumi ukaenea kwamba ameuawa, na hapo ndipo Masahaba walipokula kiapo chini ya mti. Mwishowe Suhayl bin Amr akaja upande wa Makureshi, mkataba ukaandikwa, na mojawapo ya masharti yake lilikuwa kwamba Waislamu warudi mwaka ule bila kuingia.

Masahaba waliumia sana. Sayyidna Umar (RA) alikwenda kwa Mtume (SAW), kisha kwa Sayyidna Abubakar (RA), akauliza kama wao hawakuwa katika haki. Watu walipoambiwa wachinje na wanyoe, walibaki wameduwaa, mpaka mama yetu Ummu Salama (RA) akamshauri Mtume (SAW) atoke mwenyewe achinje na anyoe bila kusema na mtu, nao wakamfuata. Kwa hiyo anayeumia kwa kucheleweshewa haki asione aibu wala asidhani imani yake imepungua. Waliumia watu bora kuliko sisi.

Lakini kuna jambo jingine ambalo hatulisemi sana. Mkataba wa Hudaybiya ulitaja muda. Mwaka ujao mtakuja, mtakaa siku tatu, Makka itaachwa wazi kwa ajili yenu. Mwaka wa 7 ulipofika wakaenda, wakakaa siku tatu, wakaondoka. Makureshi walikuwa makafiri na maadui, na bado waliwapa Waislamu tarehe, na tarehe ile wakaitimiza. Leo kuna ofisi ya watu wanaosali na kufunga, inampa mtu namba ya faili pasipo tarehe. Je, hatuoni haya kwamba Makureshi wametushinda katika jambo hili?

Tena tuangalie Qur'an Tukufu. Katika Suratul-Baqara aya ya 282, Mwenyezi Mungu anatuamrisha tunapokopeshana kwa muda maalumu tuandike, na muda huo utajwe. Katika Suratul-Qasas tunasoma habari za Nabii Musa (AS) alipoikimbia Misri akawa mgeni Madyan. Mzee aliyempokea hakumwambia akae kwanza wataona baadaye. Alimtajia miaka minane, na akipenda kutimiza kumi ni hiari yake. Mgeni alijua anatumikia muda gani na baada yake atapata nini. Kumpa mtu muda unaojulikana ni sehemu ya uadilifu.

Waliongoja kuliko sisi

Pengine mtu atasema mwalimu anakuza jambo la mama mmoja. Hebu tuangalie ya wengi.

Mwaka 1972 maelfu ya Warundi waliikimbia nchi yao wakapokelewa hapa Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nchi yetu iliwapa ardhi, na hilo ni jambo la kusifiwa. Mwaka 2007 serikali ikawapa hiari ya kurudi kwao au kuomba uraia, na wengi wakachagua uraia. Kufikia mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Walitakiwa kuuacha ukimbizi wao na kuhamishiwa mikoa mingine ndipo wapewe vyeti. Mpango wa kuwahamisha ukasimama, na vyeti navyo vikasimama. Watu hao wakakaa miaka kadhaa wakiwa wametoka huku na hawajafika kule. Vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014, miaka 42 tangu waingie nchini. Aliyefika akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake alipokea cheti akiwa na wajukuu.

Tanzania ilitenda wema mkubwa, ambao nchi nyingi tajiri hazijauthubutu. Lakini wema uliocheleweshwa unamkosa aliyekufa njiani. Wapo waliozikwa Ulyankulu kabla ya siku ile.

Jingine liko karibu yetu zaidi. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilipita bondeni, kando ya mto Pangani, chini ya milima yetu. Wazigua wengi walichukuliwa utumwani wakavushwa hadi Somalia kulima mashamba ya mto Juba. Vizazi vyao vikaishi huko, vikasilimu, na wengi wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 wakakimbia. Baadhi yao walirudi katika nchi ya babu zao wakapokelewa Handeni, kwanza Mkuyu kisha Chogo, na wengine wao baadaye wakapewa uraia wa Tanzania. Wengine walibaki katika kambi za Dadaab nchini Kenya. Mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwachukua. Halafu yakaja mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, ukaguzi ukaongezwa, na watu ambao hawakuwa na kosa lolote wakarudishwa kwenye kungoja. Mwaka 2002 walihamishwa kwa mabasi hadi kambi ya Kakuma ili wahojiwe upya, na waliotangulia wakaanza kusafiri mwaka 2003. Waliopelekwa Marekani wakawa wapatao 12,000. Januari 2017 Marekani ikaiweka Somalia katika orodha ya nchi ambazo watu wake walizuiwa kuingia, na jamaa waliokuwa wakingoja kuungana na wenzao wakakwama tena.

Na kwa jirani zetu wa Kenya, Wamakonde walioingia kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa waliishi miaka mingi bila vitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, na baada ya hapo ndipo wakatambuliwa. Wapemba, ambao ni Waislamu na wavuvi wa pwani ile, walitambuliwa rasmi mwaka 2023. Wanubi wa Kibera walipeleka shauri la watoto wao mbele ya kamati ya Afrika inayosimamia haki za mtoto, na mwaka 2011 kamati ikaona kuwa watoto wale wamedhulumiwa.

Haki ya kukagua

Ni lazima tuwe waadilifu. Ofisi za serikali zina haki ya kukagua. Nchi isiyojua nani ameingia haiwezi kuwalinda watu wake, na sisi wa Kilimanjaro tunajua kwamba wapo wanaodanganya. Uislamu haukukataza ukaguzi. Baada ya Hudaybiya, Ummu Kulthum binti Uqba alitoka Makka akakimbilia Madina, na ndugu zake wakamfuata kumdai. Ndipo ikashuka aya ya 10 ya Suratul-Mumtahina, inayowaamrisha Waislamu wawahoji wanawake wanaohamia kwao, na wakishathibitika kuwa ni waumini wasirudishwe.

Aya hiyo ina mambo matatu: kuhoji, kujua, na kutoa hukumu. Haikuishia kwenye kuhoji. Mwanamke yule hakuachwa nje ya Madina miaka mitano akiambiwa uchunguzi unaendelea. Basi afisa anayesema anachunguza, na kweli anachunguza, anatimiza wajibu wake na ana thawabu. Lakini aliyeliweka faili kabatini na hajalifungua tangu mwaka juzi, huyo asijifiche nyuma ya neno uchunguzi. Na anayeona mwombaji hastahiki amwambie hivyo, ili ajue la kufanya. Kukataliwa kunauma mara moja, lakini kutojibiwa kunauma kila siku.

Amana ya aliyekaa kwenye kiti

Katika Suratun-Nisaa aya ya 58 Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Faili la mtu ni amana. Mtume (SAW), katika hadithi aliyoipokea Bi Aisha (RA) na kuisimulia Imam Muslim, alimwomba Mola wake kwamba kila anayeshika jambo lolote la umma huu akawafanyia watu uzito, naye afanyiwe uzito, na anayewafanyia upole, naye afanyiwe upole. Ndugu yangu uliye kwenye kiti, hiyo ni dua ya Mtume, na dua ya Mtume hairudi. Siku ukiwa wewe ndiye unayeomba, utatendewa kwa kipimo kile kile.

Katika hadithi nyingine, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (SAW) ametuonya kwamba anayepewa uongozi kisha akajifungia asizione shida za watu, Mwenyezi Mungu naye atajizuia na shida zake. Muawiya (RA) aliposikia hadithi hiyo akaweka mtu maalumu wa kushughulikia haja za watu. Sayyidna Umar (RA) naye alipopata habari kwamba Saad bin Abi Waqqas (RA) amejenga nyumba Kufa yenye mlango unaomtenga na raia, alimtuma Muhammad bin Maslama akauchome moto mlango ule. Saad ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Ikiwa mlango wake ulichomwa, wa kwetu je?

Mtume (SAW) ameita ni dhulma tajiri kuchelewesha kulipa deni. Maulamaa wanafahamu kutoka hapo kwamba mwenye uwezo wa kutoa haki akaichelewesha bila udhuru ni dhalimu, hata kama mwisho ataitoa. Kwa hiyo subira ni ibada ya yule anayesubiri. Anayesubirisha hana fungu ndani yake. Anapomwambia mtu aliyemdhulumu "subira yavuta heri", anaitumia dini kuufunika uvivu wake.

Wapare tunalijua jambo hili kwa mfano wa ndiva. Maji ya chemchemi hukusanywa usiku katika ndiva, asubuhi yanafunguliwa, na kila nyumba ina zamu yake. Mwenye zamu ya mwisho anangoja bila kinyongo, maana anajua siku yake. Ugomvi huanza siku anayesimamia maji anapomwelekezea rafiki yake zamu ya mtu mwingine. Tunaweza kungoja sana sisi, mradi tujue zamu yetu na tuamini kwamba haitauzwa.

Jibu langu kwa mama yule

Sasa turudi kwenye swali. Juu ya kiapo cha uongo sikuwa na cha kupima. Ushahidi wa uongo Mtume (SAW) ameuhesabu katika madhambi makubwa kabisa, akaurudia mpaka Masahaba wakatamani anyamaze. Nilimwambia sitatia saini, na wazee nao nikawaomba wasitie. Tena mwenye haki ya kweli akiikimbilia karatasi ya uongo, siku ikigundulika atapoteza zote mbili, na watoto wake wataanza kuulizwa maswali.

Juu ya kitu kidogo, najua baadhi ya maulamaa wamesema kwamba mtu aliyezuiliwa haki yake iliyothibiti, akakosa kabisa njia nyingine, akitoa mali ili aipate, dhambi inabaki kwa aliyepokea. Sikumficha mama yule kauli hiyo. Lakini ina masharti, na mojawapo ni kutomdhuru mwingine. Kwenye foleni kila anayelipa anamrudisha nyuma asiyeweza kulipa. Zaidi ya hayo, kila noti inayopita chini ya meza inamfundisha mpokeaji kwamba kuchelewesha kuna faida. Tukilipa sote, mama atakayekuja mwakani atangoja miaka kumi. Mtume (SAW) amemlaani mtoaji na mpokeaji. Nilimwambia asitoe.

Alinyamaza, kisha akaniuliza: "Basi nisubiri tu?"

Hapo ndipo nilipoukumbuka mwanzo wa kisa cha Nabii Musa (AS) Madyan. Alipofika kwenye maji alikuta wachungaji wamejaa, na pembeni wanawake wawili wamezuia kondoo wao wakingoja wanaume wamalize. Yeye ni mgeni, amechoka, hana mwenyeji. Hakuwahubiria subira. Aliwauliza wana jambo gani, kisha akawanyweshea kondoo wao. Dua yake ya kuomba heri aliiomba baada ya kufanya kazi hiyo.

Basi nikamwambia hatasubiri peke yake. Tuliandika barua ya heshima kwa ofisi husika tukitaja tarehe ya ombi, namba ya stakabadhi, hali ya mumewe na kipengele cha sheria, tukaomba tuambiwe kwa maandishi kilichopungua. Mzee wa msikiti na mimi tulikwenda pamoja na mume wake siku aliyoweza kutembea. Jibu la mwisho halijaja hadi ninapoandika. Lakini kwa mara ya kwanza barua imepokewa na kugongwa muhuri, na wamepewa siku ya kurudi.

Kazi ya misikiti yetu

Ndugu zangu, mwanzoni mwa mwaka 1945 Wapare walishuka kutoka milimani kwa maelfu wakaja hapa Same, makao ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru. Malalamiko yao makubwa yalikuwa juu ya namna kodi ile ilivyokadiriwa. Walikaa miezi wakidai wasikilizwe, na akina mama nao baadaye wakaandamana. Profesa Isaria Kimambo ameiandika historia hiyo. Mwishowe kodi ile iliondolewa. Wazee wale walijua kusubiri, ila walisubiri wakiwa wengi, mbele ya mlango, na wanajua wanachodai. Nasi tunaweza kufanya yafuatayo bila fujo.

Kwanza, kila msikiti uwe na daftari la wanaongoja: jina, ombi, tarehe, namba ya stakabadhi, na kila alichoambiwa na lini. Mtu asiye na tarehe mkononi ni rahisi kuzungushwa.

Pili, ndoa zetu zisajiliwe na vyeti vichukuliwe. Ni wangapi wamefungishwa nikahi mbele ya umati, mahari yakatolewa, pilau likaliwa, na hadi leo hakuna cheti? Nikahi ni sahihi mbele ya Mungu, lakini mwanamke yule atathibitishaje ofisini kwamba ni mke? Uzembe huo hatukuletewa na serikali, ni wetu wenyewe. Vivyo hivyo vizazi viandikishwe mapema.

Tatu, tufanye msaragambo wa jambo hili kama tunavyofanya wa barabara na mifereji. Anayejua kuandika aandike barua. Mwenye gari awapeleke wagonjwa. Mwenye uwezo achangie ada. Anayejua sheria, na vijana wetu waliosoma sheria wapo, atoe siku moja kwa mwezi.

Nne, Waislamu wenzetu walio katika ofisi hizo wajue kwamba hatuwaombi upendeleo. Tunaomba mambo matatu tu: jibu, sababu, na tarehe. Mwadilifu kati yenu yupo na tunamjua, na tunamwombea kila baada ya sala.

Na wewe unayengoja, usikate tamaa, usinunue uongo, na usinyamaze. Abu Jandal alifika Hudaybiya akiburuta minyororo, akarudishwa kwa sababu ya mkataba, na Mtume (SAW) akamwambia asubiri, kwamba Mwenyezi Mungu atampatia faraja na njia ya kutokea. Na njia ilipatikana. Mola aliyemfungulia yeye bado ni yule yule.

Ewe Mola wetu, wafanyie wepesi wanaowafanyia wepesi waja wako, wafungulie waliofungiwa milango, warehemu waliokufa wakingoja, na utujaalie tuwe wenye kutimiza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.